Sanduku la Georgetown

Mwaka nilipokuwa wakala wa mgombea udiwani kijijini kwetu, tulihesabu kura darasani kwa mwanga wa taa ya chemli hadi saa nane usiku. Msimamizi wa kituo alisoma jumla, akanisogezea fomu ya matokeo, nikasaini. Vishina vya karatasi za kura vilikuwa palepale mezani, vimefungwa kwa mpira. Sikuvihesabu. Nilikuwa nimechoka na njaa inaniuma. Mgombea wangu alishindwa kwa kura tisa, na mpaka leo sijui kama zote tisa zilipigwa na watu.

Kwa hiyo Jimmy Carter ninayemkumbuka mimi si yule rais wa Marekani aliyewapatanisha Misri na Israel. Ni mfanyabiashara wa karanga wa Plains, kijimji cha watu mia chache kusini-magharibi mwa jimbo la Georgia, aliyegombea useneta wa jimbo lake mwaka 1962.

Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, mbali na lile la Washington. Humo ndimo zinamopitishwa sheria za shule, barabara na mashamba, na kwa miaka mingi ndimo ilimoamuliwa nani apige kura na nani asipige. Huko Georgia, seneta wa jimbo anayetoka kijijini haishi kwa siasa. Mwanzoni mwa mwaka huenda makao makuu kwa vikao vya wiki kadhaa, kisha hurudi kwenye shughuli zake.

Baba yake Carter, Earl, naye aliingia bunge la Georgia, lakini saratani ilimuua mwaka 1953 kabla hajamaliza kipindi. Jimmy alikuwa ofisa wa jeshi la majini, kwenye mpango wa manowari za nyuklia. Aliacha yote akarudi nyumbani. Mkewe Rosalynn hakutaka kabisa kurudi, na mwaka wa kwanza ulithibitisha kwamba alikuwa sahihi: ukame ulipiga, faida ya mwaka mzima haikufika dola 300, wakapanga nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya karanga, najua mvua ikikosekana wakati vikonyo vya maua vinaposhuka ardhini kinachobaki ni maganda. Rosalynn akashika vitabu vya hesabu za ghala la karanga la familia, na hakuviacha tena.

Carter akaingia bodi ya shule ya kaunti ya Sumter. Sitamsifia hapo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuharamisha shule za ubaguzi mwaka 1954, lakini huko Sumter watoto weusi na weupe waliendelea kusoma katika shule tofauti, naye akiwa kwenye bodi. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba ilimchukua miezi kadhaa kutambua kuwa watoto weupe walipanda basi na weusi walitembea kwa miguu. Hata hivyo, wazungu wenzake walipomtaka ajiunge na baraza lao la kutetea ubaguzi, alikataa, na biashara yake ikasusiwa.

Tarehe 1 Oktoba 1962, siku aliyotimiza miaka 38, aliamka akavaa suruali ya Jumapili badala ya nguo za kazi. Rosalynn akamuuliza kama anakwenda mazikoni. La, alikuwa anakwenda kutangaza kuwa anagombea. Uchaguzi wa mchujo wa chama chake ulikuwa umebaki siku 15.

Kwa jumla ya kura za kaunti sita kati ya saba za eneo lake, Carter aliongoza kwa tofauti ndogo. Ya saba ilikuwa Quitman, makao yake Georgetown, na Quitman ilikuwa mikononi mwa Joe Hurst. Huyu alikuwa mbunge wa jimbo na mwenye sauti ya mwisho katika kaunti yake. Watu walipiga kura juu ya kaunta mbele ya macho yake, naye akiwaonyesha jina la Homer Moore, mpinzani wa Carter. John Pope, rafiki aliyekwenda kumsimamia Carter pale, aliona yote na kupeleka habari. Usiku matokeo yakatoka: Carter ameshindwa kwa kura 139.

Wengi wangerudi nyumbani. Carter alizunguka Quitman nyumba kwa nyumba akikusanya viapo vya wapiga kura. Mwandishi wa Atlanta Journal, John Pennington, akaja kuchimba, na habari yake ikatoka wiki ileile dunia ilipotetemeka kwa makombora ya Cuba. Ilibainika kuwa waliopiga kura Georgetown walikuwa 333, lakini sanduku lilikuwa na karatasi 420. Orodha ilikuwa na marehemu, na wengine walioonekana kupiga kura kwa mpangilio wa alfabeti. Sanduku lilipofunguliwa mbele ya jaji Carl Crow, karatasi zipatazo mia zilikuwa zimeviringishwa pamoja. Jaji akaamuru kura za sanduku lile zisihesabiwe. Carter akawa mshindi wa mchujo.

Bado vita havikuisha. Usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, mahakama iliamuru majina yote mawili yafutwe, kila mpiga kura aandike jina la mtu wake kwa mkono. Carter alipata 3,013, Moore 2,182. Januari 1963 akaapishwa Atlanta.

Kazi yenyewe aliifanya kwa namna ninayoiheshimu kuliko hotuba zake zote za urais. Aliahidi kusoma kila muswada kabla ya kuupigia kura, na alipoona ni mingi mno akajifunza mbinu ya kusoma haraka. Hotuba yake ya kwanza ilipinga maswali 30 waliyokuwa wakiulizwa weusi ili wanyimwe haki ya kujiandikisha. Alikaa vipindi viwili, Rosalynn akiendesha ghala. Mwaka 1966 aligombea ugavana akashindwa. Mwaka 1970 alishinda, na kura za wabaguzi alizitafuta waziwazi. Hilo ni doa. Kisha, siku ya kuapishwa, Januari 1971, akatangaza kuwa wakati wa ubaguzi wa rangi umepita.

Baada ya urais alirudi Plains, kwenye nyumba aliyoijenga mwaka 1961, akafariki humo tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Taasisi yake, Carter Center, ilituma waangalizi kwenye chaguzi zaidi ya mia moja, zikiwamo za Kenya na Kongo.

Lakini mwangalizi hufika vituo vichache tu. Vingine vyote vimeachiwa mawakala. Ndugu yangu, ukipewa kazi hiyo, hesabu vishina kabla hujasaini.