Wasiwasi wa anayekwenda Muscat usizimwe

Msichana wa Tanga au Singida anapokaribia kuondoka kwenda Oman kufanya kazi za ndani, jamaa zake wote hushika kazi ya kumtuliza. Huombewa dua, hutajiwa waliokwenda wakarudi na kujenga, na akizidi kuuliza dalali humwambia viza imeshatoka, mwenye nyumba anamsubiri. Nia ya wazazi ni njema. Ya dalali tuiache. Lakini wote huuchukulia wasiwasi huo kama homa itakayoshuka ndege ikipaa, wakati mara nyingi ni hesabu ambayo mwenyewe hajaipatia maneno.

Na hesabu hiyo ina ushahidi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema pasi zao zilichukuliwa na mwajiri au wakala, na wakaeleza siku za kazi za saa 15 hadi 21. Roho mbaya ya tajiri mmoja mmoja haitoshi kueleza hali hiyo. Chini yake kuna kafala: kibali cha mfanyakazi kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri wake, naye akiondoka bila ridhaa huhesabiwa mtoro. Tena mwajiri ndiye kwa kawaida aliyemlipa wakala na kukata tiketi, kwa hiyo hujiona amekwisha kulipia miaka miwili ya maisha ya mtu. Ndiyo maana anayeomba kurudi huambiwa arudishe gharama kwanza, fedha ambazo kama angekuwa nazo asingeondoka kwao. Hata Kiswahili hakimwokoi. Muscat zipo familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zinazokizungumza vizuri kuliko baadhi yetu, na kafala ni ile ile.

Watasema wengi wamerudi salama. Kweli, na fedha zao zimesomesha wadogo zao. Hilo linathibitisha kwamba waajiri wema wapo, lakini halimwambii anayeondoka atatokaje akiangukia kwa mbaya. Nzito zaidi ni hoja ya wanaotaka safari hizi zipigwe marufuku. Kenya ilizisitisha kwa nchi za Ghuba mwaka 2014, Uganda ikafuata 2016, na mwaka 2017 zote mbili zikalegeza. Marufuku haiondoi shida inayomtoa mtu kwao. Humsukuma kupita nchi jirani kwa viza ya matembezi, asiwe na mkataba ambao ubalozi wake unaujua.

Kwa hiyo wasiwasi utumike kabla ya ndege, maana hapo ndipo msichana ana nguvu ambayo hataipata tena. Wakala amekwisha kupokea fedha na anadaiwa mfanyakazi. Akishamfikisha, mdaiwa anageuka kuwa msichana. Aulize pasi itakaa kwa nani, mshahara ni kiasi gani na utapitia wapi, atapumzika siku gani, simu yake atabaki nayo au la, na akitaka kuacha kazi nani atadaiwa. Ataambiwa nafasi itapewa mwingine asiye na maneno mengi, na huenda ikawa kweli. Hasara hiyo ni ndogo kuliko kugundua jibu akiwa ndani ya geti. Wala huo si ujeuri. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa ndani anayevuka mpaka apewe masharti yake kwa maandishi kabla hajavuka, na awe na haki ya kukaa na pasi yake mwenyewe. Nakala moja ya maandishi hayo ibaki kwa mama yake, ikiwa na jina kamili la mwajiri na mahali anapoishi, kwa kuwa ubalozi ukipigiwa simu utaanza kwa kuuliza hayo mawili.