Roketi za Manitou: mwenye mali alikuwa nani?

Tarehe 20 Mei 1978, siku moja baada ya askari wa miavuli wa Ufaransa kushuka Kolwezi, roketi ilirushwa kutoka uwanda wa Manitou, kaskazini mwa mkoa huohuo wa Shaba, yaani Katanga, nchini Zaire (Kongo ya leo). Haikuwa ya jeshi lolote. Ilikuwa mali ya OTRAG, kampuni binafsi ya Ujerumani Magharibi iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser. Vita hivyo vya Kolwezi, vya siku sita, vinasimuliwa hadi leo hapa Lubumbashi, lakini habari za roketi hiyo husikika kwa nadra. Yafaa zielezwe, kwa sababu jambo lililoiangusha OTRAG bado linazisumbua kampuni ndogo za roketi: mwenye mali ni nani, na vifaa vyake vinategemea nchi gani?

Kayser alitaka roketi ya bei nafuu. Roketi nyingi kubwa husukuma mafuta kwenye chumba cha mwako kwa pampu za turbini, mashine zenye kasi ya kutisha na ghali kuliko karibu kila kitu kingine kwenye injini. Yeye aliziacha kabisa. Alichukua mabomba ya chuma yenye upana wa sentimita 27, akayagawa sehemu ya mafuta na sehemu ya asidi ya nitriki, akajaza kila sehemu theluthi mbili tu, na nafasi iliyobaki akaishindilia hewa. Hewa hiyo ndiyo iliyosukuma vyote viwili hadi kwenye injini. Vali zilifunguliwa na mota za kufutia kioo cha gari, vifaa ambavyo fundi wa gereji anavifahamu. Bomba na injini yake lilikuwa roketi kamili, na aliyetaka nguvu zaidi angefunga mabomba mengine ubavuni. Zile za Shaba zilikuwa na manne. Kayser aliota ya mamia.

Kwa upande wa ugavi, hesabu hiyo ilikuwa ya akili sana. Nani angeweza kumzuia mtu asinunue mabomba na mota za gari? Kitu kimoja tu hakikupatikana dukani, nacho ni ardhi ya kurushia. Ujerumani Magharibi ilikuwa imejaa watu, tena mikataba ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia iliibana kuhusu makombora. Rais Mobutu wa Zaire ndiye aliyekubali. Kufikia mwaka 1976 OTRAG ilikuwa na mkataba wa kutumia hadi mwaka 2000 eneo la takriban kilomita za mraba 100,000. Hiyo ni kama robo tatu ya Haut-Katanga yetu ya leo. Kituo kilijengwa juu ya bonde la Luvua, mto unaotoka ziwa Mweru pale Pweto, na mizigo ilifika kwa ndege za kampuni yenyewe. Kwa hiyo mnyororo wa ugavi uliokwepa kila kiwanda maalumu cha roketi ulining'inia kwenye sahihi ya rais mmoja.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, wakati vita vya siku themanini, vya waasi waliovamia Shaba kutoka Angola, vikielekea kwisha. Fikiria jambo hilo lilivyoonekana kutoka Luanda, mji mkuu wa Angola. Wenye hisa wa OTRAG walikuwa mamia ya Wajerumani waliovutiwa na nafuu ya kodi. Kiongozi mwenye jina kubwa alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kuongoza kituo cha Kennedy cha Marekani, na kabla ya hapo alifanya kazi Peenemünde kwenye makombora ya V-2 ya Hitler. Moscow ilidai kwamba kampuni ni pazia la silaha za Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi. Mimi siamini dai hilo. Lakini mkataba ulifanywa gizani, na Wakongo hawakuwa na karatasi ya kumwonyesha jirani mwenye hofu.

Tarehe 5 Juni 1978 roketi ya tatu ilishindwa mbele ya Mobutu mwenyewe. Shinikizo likazidi, hata kutoka Bonn, na Aprili 1979 OTRAG ikaamriwa kusitisha kazi. Ikahamia Libya ya Gaddafi, na shaka juu yake zikazidi mara dufu. Katika miaka ya 1980 ikafa.

Leo vitisho ni vilevile. Mwaka 2022 Max Polyakov, mzaliwa wa Ukraine, aliuza karibu nusu ya kampuni ya roketi ya Firefly ya Texas baada ya serikali ya Marekani kumtaka ajitoe. Mwaka huohuo ugavi wa roketi ya Marekani ya Antares ulikwama: injini zake zilitoka Urusi na mwili wake wa chini Ukraine, na nchi hizo mbili zilikuwa vitani. Hapa kwetu Kongo, mhandisi Jean-Patrice Keka amerusha roketi zake za Troposphère pale Menkao, karibu na Kinshasa, na hakuna anayeuliza ni za nani.

Tangu mwaka 2011 kuna amri ya serikali inayotaka mikataba ya migodi, misitu na mafuta ichapishwe. Ningependa ipanuliwe hadi kwenye ardhi inayokodishwa kwa vituo vya roketi na setilaiti, na kila mkataba uchapishwe pamoja na majina ya wenye hisa wa mwisho, kabla ya ndege ya kwanza ya mizigo kutua.