Miura Tamaki na Mauti Elfu Mbili ya Jukwaani

Katika sanaa zote alizozibuni binadamu kwa kuistarehesha na kuifunza nafsi yake, ni chache zinazomtaka mtendaji mambo mengi kwa wakati mmoja kama opera, kwa maana humo mtu hutakiwa aimbe kama mwimbaji na aigize kama mwigizaji, ahifadhi maneno ambayo pengine si ya lugha yake, afuatane na okestra ya watu makumi kadhaa pasipo kupitwa na pigo hata moja, na sauti yake, bila msaada wa kipaza sauti, imfikie msikilizaji aliyeketi safu ya mwisho ya ukumbi. Sanaa hiyo ilizaliwa Italia, ikastawi Ulaya nzima, na kwa miaka mingi wenyewe waliamini kuwa mtu wa bara jingine aweza kuisikiliza lakini hawezi kuitenda. Dhana hiyo ilipingwa kwa vitendo na Miura Tamaki, mwanamke wa Kijapani aliyezaliwa Tokyo tarehe 22 Februari 1884, mwenye sauti ya soprano, yaani sauti ya juu kabisa ya kike. Naye aliipinga zaidi kwa nafasi moja, nafasi ya Cio-Cio-San katika opera ya Giacomo Puccini iitwayo Madama Butterfly. Wasifu wake husema kwamba aliicheza mara zipatazo 2,000 katika muda wa miaka 20, hesabu ambayo ni karibu mara 2 kila juma, mwaka hata mwaka. Sifa iliyomfuata kila alikokwenda ilikuwa kwamba, kwa kuwa ni Mjapani, nafasi ile ilikuwa yake kwa maumbile wala hakuhitaji kuigiza. Na sifa hiyo, ijapokuwa ilitolewa kwa mapenzi, ilimdhulumu haki yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Pinkerton, luteni wa manowari ya Kimarekani, atia nanga Nagasaki, akodi nyumba kilimani juu ya bandari, na pamoja na nyumba dalali ampatia mke wa Kijapani wa miaka 15, kwa mkataba wa miaka 999 ambao mume ana ruhusa ya kuuvunja kila mwezi. Kwa Pinkerton ndoa hiyo ni anasa ya baharia. Kwa Cio-Cio-San ni ahadi ya maisha, hata ameiacha dini ya wazee wake kwa ajili ya mumewe, na jamaa zake wamlaani na kumkana siku ile ile ya arusi. Mume ajiendea zake. Miaka 3 yapita, fedha zakaribia kwisha, na bibi amebaki na mtumishi wake Suzuki na mtoto wa kiume ambaye baba yake hana habari kwamba yupo. Tajiri mmoja aja kumposa, naye akataa, akisema kuwa yeye ni mke wa mtu. Siku mzinga unapolia bandarini na manowari kuonekana, atawanya maua nyumba nzima, avaa nguo aliyoolewa nayo, kisha atoboa ukuta wa karatasi matundu matatu ya kuchungulia, la juu kwa ajili yake, la chini kidogo kwa ajili ya Suzuki, na la chini kabisa kwa kimo cha mtoto. Suzuki na mtoto walala. Yeye asimama hadi alfajiri. Mume aja, lakini aja na mke wa Kimarekani, nao wamefuata mtoto. Cio-Cio-San akubali kumtoa, amfunga mtoto kitambaa cha macho ili asione, na kwa jambia lile lile ambalo baba yake alijiulia kwa amri ya mfalme, ajitoa roho.

Puccini hakupata kuiona Japani. Kisa kilikuwa kimeandikwa na Mmarekani John Luther Long mwaka 1898, kikafanywa mchezo na David Belasco mwaka 1900, na Puccini aliutazama mchezo huo London akiwa hajui Kiingereza cha kutosha kuufuata, lakini akatoka ameshikwa moyo. Luigi Illica na Giuseppe Giacosa wakamtungia maneno, na yeye, kwa kutaka muziki wake uwe na ladha ya nchi ile, akamwendea Bibi Oyama, mke wa mjumbe wa Japani nchini Italia, amsikilizishe nyimbo za kwao; ndiyo sababu ndani ya opera hiyo mna nyimbo kadhaa za Kijapani, ukiwamo wimbo wa taifa. Ilipooneshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa La Scala, Milan, tarehe 17 Februari 1904, hadhira ilizomea na kupiga miluzi. Puccini akaiondoa, akaipunguza na kuipanga upya, na tarehe 28 Mei mwaka ule ule, mjini Brescia, ikapokewa kwa shangwe ambayo haijakoma hata leo.

Ugumu wa nafasi ya Cio-Cio-San haumo katika huzuni yake peke yake. Tangu anapoingia, mwimbaji hutoka jukwaani kwa nadra, na sauti yake yapasa kufanya safari ndefu: hapo mwanzo iwe nyepesi kama ya binti, na kufikia mwisho iwe na nguvu ya kupenya ala zote zinaponguruma kwa pamoja, kwa sababu msichana wa tendo la kwanza amekwisha kuwa mama, na mama amekwisha kukata shauri. Waimbaji wengi hukosea kwa kuitumia nguvu mapema, wakafika kwenye jambia wakiwa hawana kitu. Tena kuna mkesha ule, ambao kwaya huimba nyuma ya pazia kwa midomo iliyofumbwa, na Cio-Cio-San haimbi hata herufi moja. Kazi yake ni kusimama tu, mgongo kwa hadhira, na kusimama huko kueleze miaka 3. Wanawake wa mwambao waliopata kuhesabu siku za kaskazi wakingojea jahazi iliyochelewa watafahamu kwamba kungoja ni kazi ya mwili mzima, nayo yaonekana hata kwa mtu aliyegeuka nyuma.

Miura aliletea kazi hiyo mali aliyoikusanya tangu utotoni. Kabla ya kujua muziki wa Ulaya alikwisha kufundishwa ngoma za jadi za Kijapani, ambazo humfunza mtu kukaa, kuinuka, kugeuza shingo na kukunjua mkono kwa kipimo. Alipotaka kuingia Shule ya Muziki ya Tokyo, baba yake hakuridhia mpaka kwa sharti la kuolewa kwanza. Akaolewa na daktari wa jeshi, akaingia shuleni mwaka 1900, akawa anakwenda masomoni kwa baiskeli, jambo lililokuwa geni kwa mwanamke hata magazeti yakamwandika na watu wakasimama njiani kumtazama. Mwaka 1903 aliimba nafasi ya Eurydice katika opera ya Gluck, onyesho linalohesabiwa kuwa la kwanza la opera kutendwa na Wajapani nchini mwao. Ndoa ile ikavunjika mwaka 1909. Akaolewa tena na tabibu Miura Masataro, mtafiti ambaye mwaka 1924 alishiriki kugundua kuwa chai ya kijani ina vitamini C. Mwaka 1911 ulipofunguliwa Ukumbi wa Kifalme mjini Tokyo, Tamaki alikuwa miongoni mwa nyota zake.

Mwaka 1914 mume na mke walisafiri hadi Ujerumani kwa masomo, lakini vita vikuu vilizuka, Japani ikawa upande wa maadui wa Ujerumani, nao wakalazimika kukimbilia London. Huko, akiwa mgeni asiye na jina, alimwimbia kiongozi wa okestra Henry Wood, akapewa nafasi katika tamasha la Royal Albert Hall. Na mwisho wa Mei 1915, Vladimir Rosing, mwimbaji wa Kirusi aliyeandaa msimu wa opera mjini humo, akamweka Miura katika nafasi ya Cio-Cio-San. Zilikuwa siku za hofu, kwani usiku wa tarehe 31 Mei chombo cha angani cha Kijerumani kiliangusha mabomu London kwa mara ya kwanza. Katika mji uliokuwa ukizima taa zake, Mjapani aliimba habari za Mjapani kwa muziki wa Mwitalia, na jina lake likapata mbawa.

Majira ya vuli ya mwaka huo alivuka kwenda Marekani, akaimba na kundi la opera la Boston lililosafiri pamoja na wacheza dansi wa Anna Pavlova, akazunguka miji mikubwa na midogo. Sauti yake haikuwa kubwa, na wahakiki hawakulificha jambo hilo. Walichokubali kwa kauli moja ni kwamba alipokuwa jukwaani macho yao hayakwenda kwingine. Hapa inafaa kuangalia jambo moja kwa karibu. Kimono humfunga mvaaji hadi kifundoni, hivyo hatua huwa fupi; mshipi wake mpana, obi, hukaza mbavu na tumbo, mahali pale pale ambapo mwimbaji wa opera huhitaji kupanuka ili apate pumzi; na kuketi Kijapani, magoti chini na visigino nyuma, huibana pumzi hiyo zaidi. Waimbaji wa Kizungu walijiepusha na shida hiyo kwa kulilegeza vazi, na wengine hawakujua hata kwamba pindo la kushoto hukaa juu ya la kulia, na kwamba kinyume chake ni vazi la maiti. Kulivaa vazi hilo sawasawa, kutembea na kuketi nalo sawasawa, na bado kuimba Puccini kwa Kiitaliano, si zawadi ya kuzaliwa: ni ustadi wa kuvipatanisha vitu viwili ambavyo havikuumbwa kukutana.

Mwaka 1920 aliimba Roma, na kwa masimulizi yake mwenyewe Puccini alikuja kumsikiliza, akamsifu na kumkaribisha nyumbani kwake Torre del Lago. Kwa mwimbaji yeyote hiyo ni taji. Lakini mlango uliomfungukia ulikuwa pia na ukuta pande zote mbili. Waliotaka kumpa kazi nyingine walimpa nafasi ya Iris katika opera ya Mascagni, ambaye ni binti wa Kijapani. Chicago walimpa Madame Chrysanthème wa Messager, ambaye ni mwanamke wa Kijapani. Na mwaka 1925, mjini humo humo, Aldo Franchetti alimtungia opera mpya iitwayo Namiko-San, nayo ni ya binti wa Kijapani tena. Dunia ilikubali kwamba Mjapani aweza kuimba opera, kwa sharti kwamba aimbe Ujapani wake, tena Ujapani uliotungwa na wageni.

Basi na tumlinganishe mwanamke huyu na yule aliyemwigiza. Cio-Cio-San aliozwa na dalali akiwa na miaka 15, akakaa nyumba moja akitazama bahari, akaamini neno la mwanamume mmoja mpaka likamuua. Miura Tamaki alipanda baiskeli huku watu wakinong'ona, alitoka katika ndoa ya kwanza asife, alivuka bahari zaidi ya mara moja kwa hiari yake, akajipatia riziki kwa koo lake katika mabara matatu, na mumewe alipofariki mwaka 1929 hakuiacha kazi. Maisha ya wawili hao hayafanani. Alichokifanya ni kuchukua mwanamke dhaifu aliyebuniwa mbali na nchi yake, akamrudishia haya, adabu na heshima ambazo waliombuni hawakuweza kumpa, kwa kuwa hawakuzijua. Na aliyeketi ukumbini, badala ya kumwonea huruma kiumbe wa ajabu, alimlilia binadamu mwenziwe. Kazi ya namna hiyo ikiitwa maumbile, mwenye kuifanya amenyang'anywa ujira wake.

Mwaka 1935, mjini Palermo katika kisiwa cha Sisilia, aliadhimisha onyesho lake la 2,000, kisha akarejea Japani, na mwaka 1936 akaicheza nafasi hiyo katika ukumbi wa Kabukiza, Tokyo, mbele ya watu ambao ndio waliokuwa na haki ya kwanza ya kumhukumu. Vikaja vita. Japani na Marekani zilipopigana, ukumbi wa Metropolitan wa New York uliiondoa Madama Butterfly katika ratiba yake, wala haukuirudisha mpaka Januari 1946. Miura naye alihamia kando ya ziwa Yamanaka, chini ya mlima Fuji, akimtunza mama yake mzee. Amani iliporudi alikuwa mgonjwa, na bado alisimama tena jukwaani Tokyo. Wala hakusimama na kimono ya Cio-Cio-San, bali na nyimbo za Schubert, ambazo hazina taifa la mwimbaji wala dalali wa ndoa, akaziimba mfululizo kwa nguvu zilizosalia. Alifariki tarehe 26 Mei 1946, akiwa na umri wa miaka 62.

Nagasaki, katika Bustani ya Glover juu ya bandari, pamesimamishwa sanamu yake akiwa amevaa maleba ya Cio-Cio-San na mtoto pembeni. Njia aliyoifungua haikufungwa: mwaka 1986 La Scala, ukumbi ule ule uliozomea mwaka 1904, uliionesha opera hii ikiwa imeongozwa na Mjapani Asari Keita, na nafasi kuu ikaimbwa na Mjapani Hayashi Yasuko, na leo waimbaji wa Asia huimba Verdi, Mozart na Wagner, nafasi za Wamisri, Wahispania na Wajerumani, bila ya mtu kuwauliza walikozaliwa. Haki hiyo haikuja yenyewe. Ililipiwa na mwanamke aliyekubali kupita mlango mwembamba mara 2,000, na kila alipopita aliupanua kidogo. Kwa hiyo anayetaka kumheshimu asimwite Cio-Cio-San wa kweli, jina ambalo wengi walidhani ni kilele cha sifa, bali amwite fundi mkubwa wa kazi yake, kwa sababu hilo ndilo alilolitolea jasho.