German Shepherd au Ridgeback: Piga Hesabu ya Miaka Kumi

Anayetaka mbwa mkubwa wa kulinda nyumba na kukimbia na watoto kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya mtoto wa mbwa. Bei hiyo hulipwa mara moja tu. Chakula, dawa ya kupe na muda wako utavilipa kwa miaka 10 au zaidi, na hapo ndipo German Shepherd na Rhodesian Ridgeback wanapoachana.

Chakula
Hapa hawapishani. German Shepherd dume ana kilo 30 hadi 40, na Ridgeback dume hufika 36 na kupita. Mbwa wa kilo 35 anayekimbia kila siku hula karibu nusu kilo ya chakula kikavu, yaani kama kilo 15 kwa mwezi. Zidisha bei ya kilo moja kwenye duka lako kwa 15, kisha kwa miezi 12. Ukipikia nyumbani, ugali mtupu haumtoshi. Mchanganyie dagaa, nyama au maini kidogo. Usitie vitunguu, na mifupa iliyopikwa usimpe kabisa, maana huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Manyoya, joto na kupe
German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili. Mpitishie chanuo mgongoni na kiganja kinajaa sufi. Kesho yake ni vivyo hivyo. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, jua likishapanda anahema ulimi nje, kwa hiyo mazoezi ni alfajiri au baada ya magharibi. Ridgeback ametoka kusini mwa Afrika, na sifa za uzao wake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Nywele zake ni fupi, brashi mara moja kwa wiki inamtosha, na kupe huonekana upesi.

Kupe si jambo dogo. Erlikia, homa inayoletwa na kupe wa kahawia, inajulikana kumwangusha German Shepherd vibaya kuliko mbwa wengi. Dawa ya kupe wanaihitaji wote wawili, ila kwa German Shepherd usiruke hata mwezi mmoja. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ni ya lazima kwa kila mmoja.

Afya
Wote wawili hurithi matatizo ya nyonga, kwa hiyo mwombe mfugaji picha za eksirei za nyonga za wazazi. Ridgeback ana kasoro yake ya kuzaliwa: kijishimo chembamba kinachotoka kwenye ngozi na kuzama kuelekea uti wa mgongo. Kikipata uchafu hufanya usaha, na upasuaji wake ni ghali. Shika ngozi ya shingo na mgongo kwa vidole viwili, uivute juu taratibu. Ukihisi kitu kama uzi mgumu kinaivuta chini, usilipe mpaka daktari wa mifugo amwone.

Mafunzo na uzio
German Shepherd alitengenezwa Ujerumani kuanzia 1899 kutokana na mbwa wa wachunga kondoo. Anajifunza haraka na anataka kazi. Ukimfungia bandani mchana kutwa atabweka na kuchimba mpaka majirani waje. Ridgeback ni wa wawindaji. Anakupenda, lakini mbuzi akipita anaamua mwenyewe. Amri atazifuata ukiwa mvumilivu, na ukuta wake uwe mrefu. Ulichookoa kwenye chanuo utakilipa kwenye uzio.

Uamuzi
Kama hujawahi kufuga mbwa mkubwa, unaishi mahali penye ubaridi kama Arusha au Nairobi, na una muda wa kumfundisha, chukua German Shepherd. Kama uko pwani, una ukuta imara na umeshawahi kulea mbwa mkaidi, Ridgeback atakugharimu kidogo zaidi kwa fundi wa uzio na kidogo pungufu kwa daktari.

Lakini wote wawili wanahitaji si chini ya saa moja ya mazoezi kila siku, na mnyororo hauwezi kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, amka saa 11 alfajiri kwa wiki mbili mfululizo, utembee saa nzima peke yako. Ukizimaliza, nenda kachague mbwa wako.