Utangulizi: Namba Iliyomkatalia Fermat

Mgeni wa nadharia ya namba mimi humkaribisha kwa namba moja tu: 4,294,967,297. Inatokana na kuzidisha mbili 32 zenyewe kwa zenyewe, kisha kuongeza 1. Kwa ufupi, 2³² + 1. Kwa macho haina ajabu yoyote.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kwa kuipenda tu, alitazama namba tano za ukoo huu. Vipeo vya 2 vikiwa 1, 2, 4, 8 na 16, ukiongeza 1 unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa: hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini kwamba ukoo mzima ni tasa, ingawa alikiri hana uthibitisho. Ya sita ndiyo hii yetu.

Karibu karne nzima ilipita. Mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg, alitangaza kwamba namba hiyo ni 641 × 6,700,417. Hakuhitaji bahati. Kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakishe 1. Sharti hilo linafagia karibu kila kitu: kabla ya kufika 641, namba tasa zinazolitimiza ni 193, 257, 449 na 577 basi. Majaribio manne yanashindwa, la tano linafaulu. Ni kazi ya jioni moja kwa kalamu na karatasi, na mpaka leo nashangaa Fermat, mtu mwenye mikono myepesi kwa hesabu za aina hii, hakuifanya.

Hata kugawanya kwenyewe si lazima. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na vilevile ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hiyo, tukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kwa kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴. Iweke mahali pake, na −2³² inakuwa sawa na 1. Basi 2³² + 1 haibakishi kitu. Soma mistari hii polepole, mara mbili ikibidi. Ukiielewa, umeshaingia ndani: sehemu kubwa ya somo hili ni ufundi wa kuhesabu mabaki, na halidai zaidi ya hesabu za shule ya msingi na subira.

Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa hajatimiza miaka 19, aliukuta ukoo uleule kwenye jiometri: alionyesha kwamba umbo sawa la pande 17 huchoreka kwa rula na bikari. Leo tunajua kwamba idadi ya pande ikiwa namba tasa kubwa kuliko 2, kazi hiyo inawezekana kwa namba tasa za Fermat tu. Pande 641 hazichoreki.

Sasa punguza 2 kutoka namba yetu. Unapata 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, zile tano za Fermat bila kukosa hata moja. Umbo la pande hizo kinadharia linachoreka, na hakuna idadi witiri kubwa zaidi ya pande inayojulikana kuchoreka. Ikipatikana namba tasa ya sita katika ukoo huo, rekodi hiyo itavunjika; zote zilizopimwa baada ya 65,537 zimegawanyika.