Ungo juu ya bati au waya wa kebo: Jambo la kuuliza kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MKAZI wa Shinyanga, Kahama au Geita anayetaka huduma ya runinga nyumbani kwake hukutana kwanza na fundi, na aghalabu fundi husifia kile anachokiuza. Matokeo yake, wengi huitambua tofauti kati ya ungo na kebo wakati fedha zimekwisha kutoka mfukoni, na pengine siku yenyewe Simba na Yanga wako uwanjani.

Mwendeshaji wa kebo hufunga maungo makubwa katika kituo chake, hupokea matangazo, kisha huyasambaza kwa waya unaopita kwenye nguzo hadi sebuleni kwa mteja. Huduma za setilaiti, kama Azam TV na DStv, hushuka kutoka angani moja kwa moja hadi kwenye ungo wa mteja mwenyewe na kufunguliwa na king'amuzi.

Suala la kwanza ni umeme. Mwenye ungo akiwa na jenereta au sola ataendelea kutazama hata kama mtaa mzima uko gizani. Mteja wa kebo hana uhakika huo, kwa sababu kituo cha mwendeshaji na vikuza mawimbi vilivyo njiani navyo vinahitaji umeme. Runinga yake itawaka, lakini picha haitakuwapo. Mvua nayo humwathiri zaidi mwenye ungo mdogo, kwani matone mazito hudhoofisha mawimbi. Ungo mkubwa wa kituo cha kebo huvumilia zaidi, ingawa nao una mwisho wake.

Suala la pili ni mahali pa kufunga. Setilaiti inayobeba Azam TV iko nyuzi 7 mashariki, ilhali Shinyanga iko takriban nyuzi 33. Ungo hulazimika kutazama magharibi, na mwembe wa jirani ukiwa upande huo ni tatizo. Ile ya DStv iko nyuzi 36, yaani karibu na utosi, hivyo miti na kuta huiathiri kidogo sana.

Kwa mchimbaji mdogo wa Mwakitolyo, Nyarugusu au Rwamgasa, mjadala huu ni mfupi. Akisikia dhahabu imeonekana kwingine huhama, na ungo na king'amuzi huhama naye; gharama ya kuvutiwa waya humbakia mwenye nyumba. Mwandishi wa makala haya anaona kebo inamfaa zaidi mwenye nyumba aliyetulia mjini, mwenye runinga zaidi ya moja, ambaye waya umekwisha kufika mtaani kwake na mwendeshaji ana umeme wa akiba.

Hata hivyo, jambo zito kuliko yote ni haki za matangazo. Azam imeonyesha Ligi Kuu tangu mwaka 2013, na mwaka 2021 ilisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Mwendeshaji wa kebo asiye na makubaliano na mwenye haki hawezi kuionyesha ligi hiyo kihalali, hata kama leo ipo kwenye waya wake. Ikiondolewa, ada uliyokwisha kulipa ni vigumu kuirudisha. Muulize, kabla ya kulipa, kama ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na kama chaneli unazozitaka anazo kwa mkataba.

Mwenye ungo naye asijione salama. Agosti 2018 TCRA ilivizuia ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku kubeba chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa maelezo kuwa leseni zao hazikuruhusu. Waliokuwa wamelipia vifurushi wakajikuta hawaoni taarifa ya habari ya nyumbani. Chaneli hizo zilirejea baadaye, lakini wakati huo waliookoka ni wale waliokuwa na king'amuzi cha antena ya kawaida, kifaa ambacho wengi walikuwa wamekwisha kukiweka stoo.