Chemshabongo ya Tekken Ngoliba: Mgeni wa gemu hachekwi, anakaribishwa

Kila duka la PS lina kicheko chake. Unakijua. Mtu anaingia mara ya kwanza, anapewa pedi, anaishika kama sahani ya moto, anabonyeza kila kitu kwa pamoja, halafu mhusika wake anaruka peke yake kwenye kona huku akichapwa. Benchi zima linalipuka. "Huyu ametoka wapi?" Mgeni anacheka pia, kwa sababu afanye nini? Analipa shilingi zake 10, anatoka, na hutamwona tena.

Mimi nimecheka hicho kicheko miaka mingi. Nilikuja kuacha kwa sababu ya dogo mmoja, na hiyo ndiyo stori yangu ya leo.

Kwa wasioijua Ngoliba: ukitoka Thika kwa barabara ya kuelekea Garissa, unapita mashamba ya mananasi ya Del Monte mpaka unachoka kuyaangalia. Mlima Kilimambogo unakutazama kutoka ng'ambo ya mto Athi. Watalii wanajua huku kwa sababu ya maporomoko ya Fourteen Falls. Sisi tunajua huku kwa jua kali, vumbi, na duka moja la PS lenye mabati yanayopiga kelele mchana kutwa. Ndani kuna televisheni mbili, PS3 moja ya Tekken 6, PS4 moja ya Tekken 7, na benchi ambalo mguu wake mmoja ni jiwe.

Nikiwa mtoto sebuleni kwa binamu yangu, Tekken 3 ndiyo ilinifundisha kubonyeza. Kwa hivyo niliposema tuandae usiku wa chemshabongo ya Tekken kwa wageni, niliona ni kazi rahisi. Mimi ndiye najua. Nitauliza, watajibu, tutacheka.

Awamu ya kwanza ilikuwa aibu tupu.

Nilikuja na maswali 30. Swali la kwanza: Tekken 3 ilitoka mwaka gani kwenye PlayStation? Wakongwe watatu wakapiga kelele kwa pamoja: 1998! Swali la pili, wale wale. Swali la kumi, bado wale wale. Wageni tisa nilioalika kwa mbwembwe walikaa wakiangalia viatu vyao. Wanne walitoka kabla hatujafika nusu, mmoja mmoja, kama watu wanaoenda kupokea simu. Wa mwisho alikuwa dogo wa miaka kama 17 ambaye alikuwa amefika mapema hata kabla ya mwenye duka. Nilimfuata nje, nikamuuliza mbona anaenda. Akanijibu kwa adabu, "Sawa tu bro. Hapa si pangu."

Hayo maneno yalinigonga kwa sababu nayajua. Niliwahi kusomea diploma ya kompyuta Thika mjini. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha, nawaambia karo, na ni kweli, karo ilikuwa imenishinda. Lakini kabla ya karo kulikuwa na kitu kingine. Mwalimu alikuwa akimaliza mada anauliza, "Kuna asiyeelewa?" Darasa zima linanyamaza. Mimi sikuwa nimeelewa kuanzia wiki ya pili. Sikuinua mkono hata siku moja. Mathe bado anaamini ni gemu ndizo zilinitoa shuleni. Sijawahi kumwambia kwamba nilitoka kwa sababu niliogopa kuonekana mjinga, halafu karo ikanipa kisingizio kizuri.

Sasa mimi yule yule nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikiuliza "kuna asiyejua?" kwa njia nyingine.

Anza na hadithi, maswali baadaye

Awamu ya pili nilibadilisha kila kitu. Kwanza, nilizungumza na mwenye duka. Jumamosi kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku yeye hukusanya kama shilingi 600. Nikamwambia kiingilio kitakuwa shilingi 20 kwa kila mtu, na kikipungua nitajaza mwenyewe. Alinitazama kwa muda, akasema, "Ukinifilisi nakuuza na benchi." Tukakubaliana. Umri ni kuanzia miaka 16, kwa sababu kule Ulaya Tekken 7 imewekewa kiwango hicho, na pia sikutaka mzazi yeyote aje kunitafuta.

Pili, kabla ya swali lolote, niliwasimulia hadithi kwa dakika kumi. Tekken, kwa Kijapani, maana yake ni ngumi ya chuma. Ilianza mwaka 1994 kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye PlayStation. Lakini mgeni hahitaji miaka hiyo. Anahitaji kujua ni nani anapigana na nani, na kwa nini.

Basi nikawaambia: kuna mzee tajiri anaitwa Heihachi Mishima. Mtoto wake Kazuya akiwa na miaka 5, mzee anamtupa gengeni aone kama ni mkakamavu. Mtoto anapona. Anakua na hasira yake, anaingia kwenye shindano la kwanza, anamchapa babake na kumtupa kwenye genge lile lile. Tekken 2, mzee anarudi, anamshinda mwanawe na kumtupa kwenye volkano. Tekken 3 anaingia mjukuu, Jin Kazama, aliyefunzwa kupigana na huyo huyo babu. Mjukuu anashinda, babu anampiga risasi. Tekken 7, Kazuya anamtupa mzee kwenye volkano. Na katikati ya hayo yote kuna kampuni ya familia, Mishima Zaibatsu, ambayo kila mmoja anaitaka.

Shosho anayeuza mandazi mlangoni alikuwa amesikiliza yote. Akauliza, "Kwani huyo mzee hakuandika urithi?" Nikasema hapana, shosho. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni kesi ya shamba tu."

Duka likaangua kicheko, lakini safari hii kila mtu alikuwa anacheka kitu kimoja. Na kwa kweli, hakuna mtu aliyewahi kunieleza Tekken vizuri hivyo.

Mkongwe afungwe mdomo

Tatu, na hii ndiyo siri kubwa: tulipanga timu za watu watatu, mkongwe mmoja na wageni wawili. Tulipata timu saba. Sheria ni kwamba mkongwe haruhusiwi kujibu. Anaweza kuwapa wenzake fununu, kuigiza, kuwaonyesha kwenye skrini, lakini akitaja jibu, timu inakatwa pointi mbili.

Ungeona wasee wagumu wa mtaa wakiteseka! Mtu anajua jibu, linamwasha ulimini, lakini lazima amweleze mgeni kwa upole. Kuna jamaa ambaye kila siku huwa wa kwanza kucheka wageni. Usiku huo alipiga magoti kwenye vumbi akiigiza dubu ili timu yake itaje Kuma.

Maswali nayo niliyagawa mara tatu. Ya kwanza ni ya macho: naweka mhusika kwenye skrini, unajibu ulichoona. Huyu amevaa kinyago cha mnyama gani? (King, chui wa Amerika anayeitwa jagwa.) Ya pili ni ya masikio, yanayotoka kwenye hadithi niliyosimulia. Nani alimtupa nani wa kwanza? Ya tatu ni ya kufikiri, ambayo hata mtu asiyeshika pedi maishani anaweza kupata akitumia akili. Kwa mfano: King ni mpiganaji wa mieleka kutoka Mexico, na pesa anazopigania si zake. Unadhani ni za nani? Mgeni mmoja akasema za mkewe, mwingine akasema za mkopo. Jibu ni watoto yatima anaowalea.

Swali lililowasha moto ni la Eddy Gordo. Kila duka la PS Kenya linamjua Eddy, yule wa mateke ya kuzunguka, kimbilio la kila asiyejua kucheza. Nikauliza: mtindo wake unaitwa capoeira na unatoka Brazil, lakini ulianzishwa na watu waliotolewa bara gani? Kimya. Kisha binti mmoja nyuma akasema pole pole, "Afrika?"

Ndiyo. Ulianzishwa na Waafrika waliopelekwa Brazil utumwani, wengi wao kutoka sehemu za Angola ya leo. Mkongwe wa timu yake, ambaye amemchezesha Eddy kwa miaka sita, alikuwa hajui. "Weh! Kumbe huyu ni wetu?"

Huyo binti nilikuwa namjua kwa sura. Kwa miezi kadhaa amekuwa akija kumngoja kaka yake, na huwa anasimama mlangoni tu. Sikuwahi kumuuliza kama anataka kucheza. Wala mwingine hakuwahi.

Stima ikapotea

Saa moja na robo, tukiwa na maswali tisa yaliyobaki, stima ikapotea. Televisheni tii. Nikajua nimekwisha. Mwenye duka alinitazama kupitia giza, na naapa nilimwona akihesabu benchi.

Lakini hakuna aliyeondoka. Mtu akawasha tochi ya simu, mwingine naye, shosho akaleta taa yake ya sola. Hapo ndipo nilielewa kwamba chemshabongo haihitaji stima, inahitaji watu tu. Maswali ya macho yaligeuka kuwa ya kuigiza. Tulimaliza tukiwa na jasho na mbu, na tulikuwa tunapiga kelele hadi boda boda wakasimama nje kuuliza nani ameumia.

Katika lile giza niliwaambia pia habari za Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, Mkenya wa kwanza wa kike kusajiliwa na timu ya kimataifa ya michezo ya video, mwaka 2018, na gemu yake ilikuwa Tekken 7. Nikawaambia na za Arslan Ash wa Lahore, Pakistan. Mwaka 2019 alishinda mashindano makubwa ya EVO, Japani na baadaye Marekani, wakati ambapo ulimwengu wa Tekken ulikuwa unawatazama Wakorea na Wajapani. Alisema kwao kuna wachezaji wengine wakali ambao hawajawahi kuonekana, na bingwa wa Korea anayeitwa Knee akafunga safari hadi Pakistan kuona kwa macho yake. Akachapwa huko. Yaani mafunzo yalikuwa yanaendelea vibandani, ila hakuna aliyekuwa ameangalia.

Stima ilirudi saa mbili kasorobo. Timu ya yule binti ilimaliza ya pili. Nilimpa pedi, akamchagua Eddy, na akachapwa raundi tatu mfululizo na kaka yake. Benchi lilicheka kidogo. Kisha yule jamaa wa dubu akainama, akamwonyesha jinsi ya kuzuia. Raundi ya nne alichapwa pia, lakini ilichukua muda.

Hesabu ya mwisho

Tulikuwa watu 21, kwa hivyo kiingilio kilikuwa shilingi 420. Nilijaza 180 kutoka mfukoni. Washindi walipata saa moja ya kucheza bure. Wiki iliyofuata, mwenye duka aliniambia wageni watano wamerudi wenyewe, kwa pesa zao, na hakunidai zaidi. Ameshaniuliza awamu ya tatu ni lini.

Kama unataka kuandaa yako, iwe ya Tekken, ya GTA au ya mpira, mambo ni machache. Simulia kabla ya kuuliza. Mpe mkongwe kazi ya kufundisha, si ya kujionyesha. Maswali 15 yanatosha. Anza na swali ambalo kila mtu atapata, kwa sababu mtu akishajibu moja, hatoki. Na usiulize kamwe "nani hajui?" Utapata kimya tu, na hicho kimya nimekikalia miaka miwili darasani.

Yule dogo wa awamu ya kwanza bado hajarudi. Nilimtumia ujumbe kupitia jirani yake kwamba sheria zimebadilika. Jirani akaniambia aliusoma, akasema sawa. Jumamosi ijayo nitaenda mwenyewe nimwite. Nikimkuta, sitamuuliza kama anajua Tekken. Nitamwambia nahitaji mtu wa kunisaidia kusimulia ile kesi ya shamba.